Lori la Kifua

Baba alimaliza chai yote asubuhi hiyo, akafuta midomo kwa kiganja, akarudisha kikombe kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu zake. "Asante, sista," akasema. "Mungu akuzidishie."

Choki akapokea kikombe. Hakuwa sista wa hospitali, na gauni jeupe hakuwahi kulivaa hata siku moja. Alikuwa fundi wa magari, ovaroli yake imekolea grisi magotini, na chini ya kucha zake kulikuwa na mstari mweusi usiosikia sabuni ya aina yoyote. Na huyo aliyemshukuru alikuwa baba yake mzazi. Lakini tangu mvua zilipokatika, mzee alikuwa akiwapoteza watu mmoja mmoja, kama mtu anayedondosha funguo njiani asisikie mlio wake. Alianza na majirani. Akaja kwa marehemu mkewe, ambaye kwanza alimuulizia kila siku, kisha akaacha hata kumuulizia. Mwisho akampoteza binti huyu anayemlisha, anayemwogesha na kumgeuza kitandani ili mgongo usitoke vidonda.

"Afadhali wewe ni sista," kaka yake alikuwa akimwambia. Kaka alikaa mtaa wa pili na kila akitoka kazini alipitia kumwona mzee. "Mimi ananiita utingo. Jana kanituma nikapige jeki. Nikachelewa kuinuka, kanifukuza kazi."

Wakacheka, maana kulia walikuwa wameshalia. Kisha Choki akashuka ngazi na kikombe chake, akaingia gereji iliyokuwa chini ya chumba cha baba, akajifanya anatafuta spana.

Jina lenyewe, Choki, lilikuwa la baba peke yake. Wateja walimwita fundi, kaka alimwita mdogo wangu, na mama, alipokuwa hai, alimwita jina lililoandikwa kwenye cheti. Choki lilitoka kwenye lori. Baba alikuwa dereva wa lori lake mwenyewe, la zamani hata kwa wakati ule, lenye kabureta mbili, za kuchanganya petroli na hewa, zilizokaa ubavuni mwa injini kama mapacha, na mapacha wenyewe walikuwa wagonjwa. Asubuhi lilikuwa haliungurumi kama magari mengine. Lilikohoa. Kho. Likanyamaza kidogo kama linafikiri, halafu, kho-kho, mawili ya haraka haraka. Mtaa mzima uliliita lori la kifua. Watoto waliliigiza njiani wakiwa wameshika mbavu.

Ili litulie ilibidi choki, kile kitufe cha kubana hewa injini ikiwa baridi, ivutwe nusu, na ishikiliwe hapo hapo mpaka injini ipate moto. Sasa kile kitufe chake kilikuwa kimechoka, ukikiachia kinarudi ndani chenyewe. Na dereva ana mikono miwili tu. Basi baba alimpakia binti yake, miguu yake ikining'inia haifiki sakafuni, akampa kile kitufe akishike, na ndiyo ikawa kazi yake.

"Choki, vuta! Nusu, mama, nusu. Usizidishe, utalilewesha."

Na lori likatulia, likaenda. Na likishapata moto: "Haya, rudisha." Akarudisha. Aliamini kwamba bila yeye lori lile halitoki uani, na kwa kweli halikutoka.

Siku hizi lilikaa juu ya matofali, uani, chini ya dirisha la mzee, kuku wa jirani wakitaga kwenye kiti cha abiria.

Sasa, kilichomtia Choki wazo ni jambo dogo tu. Alikuwa akimnyoa mzee ndevu, dirisha wazi, na gari fulani likapita barabarani, lori la watu. Mzee, ambaye kutwa nzima alikuwa hajatamka neno, akainua kidevu chenye povu. Akasikiliza mpaka likapotea kule kwenye kona. Akasema, "Si langu."

Wembe ukasimama hewani.

"Lako lipi, baba?"

"Langu nalijua." Akafumba macho, akarudi kule alikokuwa.

Kaka alipokuja, Choki alimngoja mlangoni. "Nataka kuliamsha lori."

"Ili liende wapi?"

"Haliendi popote. Nataka alisikie. Kasahau watu, magari hajasahau. Akilisikia la kwake atakumbuka na nani alikuwa amekaa pembeni."

Kaka akamtazama vile anavyotazamwa mtu aliyeshika homa. "Mdogo wangu, na asipokumbuka?"

"Nataka aniite jina langu. Mara moja tu. Si kwamba nataka apone, najua haponi. Aniite tu, nijue bado nimo humo kichwani mwake. Baada ya hapo hata nikiwa sista mpaka mwisho, sawa."

Kaka akatupia macho kule uani. Akasema, "Basi anza kuwahamisha kuku."

Choki akazifungua zile kabureta. Alizitoa moja moja, akazilaza juu ya gazeti mezani, na kila kipande alichotoa alikipanga kwa kufuata kilivyotoka, ili wakati wa kurudisha mkono uende wenyewe. Kulikuwa na uchafu ndani kama kahawa iliyokauka chini ya kikombe. Alilowesha kila kitu kwenye petroli, akasugua kwa mswaki, akachemsha maji na kuviosha tena. Zile jeti, vitundu vyembamba ambavyo petroli hupita, hakuzichokonoa kwa waya kama wafanyavyo wenye haraka, maana waya hupanua tundu. Aling'oa unywele mmoja kwenye fagio laini, akaupitisha taratibu, akainua jeti kwenye mwanga mpaka akaona anga upande wa pili.

Maboya, yanayoelea ndani kupima petroli, yalikuwa ya shaba, mepesi kama maganda ya yai. Boya moja alilitikisa karibu na sikio akasikia chakacha, petroli imeingia ndani. Akalizamisha kwenye maji ya moto, mapovu yakamwonyesha ufa ulipo, akaukausha na kuuziba kwa tone la risasi iliyoyeyushwa, dogo mno, maana boya likiwa zito linadanganya. Gasketi, karatasi za kuziba maungio, alizikata mwenyewe. Alilaza karatasi ngumu juu ya chuma, akagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, ko ko ko, mpaka umbo likajikata lenyewe.

Ila ugonjwa wenyewe haukuwa huko. Ulikuwa kwenye shafti. Kila kabureta ina kijishafti, kijiti cha chuma, kimepita katikati, kimebeba kile kisahani kinachofunguka dereva akikanyaga mafuta. Kwa miaka yote ile shafti zilikuwa zimekula matundu yake, nazo zikaliwa, mpaka ukizishika zinacheza kama jino la mtoto. Hewa ilipenya hapo bila kualikwa. Ndicho kilikuwa kikohozi.

Choki alipoiona ile nafasi alitabasamu, tabasamu la fundi. Kwa miaka lilikuwa likimwaibisha. Fundi mzima, gereji yake mwenyewe, na gari la baba yake linakohoa kama mvuta tumbaku! Tena baba mwenyewe alikuwa akisema kila mara, "Nitalitibu hili, ngoja nipate nafasi." Nafasi hakuipata. Basi angempatia yeye.

Alizifunga kabureta kwenye kitambaa kama watoto, akazipeleka kwa mkereza vyuma, mzee aliyekuwa rafiki wa baba, mwenye mashine yake kwenye chumba chembamba chenye sakafu ya mabati yaliyojaa vumbi la chuma.

"Binti," mkereza akasema, akiichezesha ile shafti kwa kidole, "unajua hili limekohoa tangu sijaota ndevu?"

"Na wewe ndevu zimeshakuwa nyeupe. Limekohoa vya kutosha."

"Unataka nikazeje?"

"Mpaka likome kabisa."

"Haya. Wewe daktari, mimi nakereza tu." Akapanua matundu, akayavisha bushi mpya, vijipete vya shaba, akakereza shafti mpya zinazong'aa, zikaingia kwa kusukumwa na dole gumba na hazikutikisika hata kidogo. Zile za zamani akaziinua. "Nizitupe?"

"Zitie tu mfukoni kwangu," Choki akasema, mikono yake imejaa.

Siku ya kuliwasha, kaka aliomba ruhusa kazini. Walimteremsha mzee ngazi polepole, mmoja huku mmoja kule, wakamketisha kwenye kiti uani na shuka magotini. Jua lilikuwa limeshapanda ukuta. Choki alikuwa amezilinganisha kabureta zote mbili kwa kuweka mpira wa bomba sikioni na kusikiliza jinsi kila moja inavyovuta pumzi, mpaka zikavuta sawasawa. Sasa akapanda, akagusa choki kidogo tu, akawasha.

Likawaka mara moja. Halikukohoa. Liliunguruma chini chini, laini, kama cherehani chumba cha pili. Kaka akaweka glasi ya maji juu ya boneti na maji hayakutikisika. "We!" akapiga makofi. "Mdogo wangu, hili umelifufua au umelioa?"

Choki akashuka, akachuchumaa mbele ya baba.

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza kwa heshima, kama mgeni anayesikiliza hotuba ya wenyeji. "Gari zuri," akasema. "La nani?"

"Lako, baba."

"Usinitanie, sista. Langu lina kifua."

"Nimelitibu, baba. Ulisema utalitibu. Nimelitibu."

Mzee akatikisa kichwa. Akashika mikono ya kiti, akainuka mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi, akaliendea lori. Akapitisha kiganja kwenye mlango, pale penye bonde, bati lilipobonyea alipogonga daraja zamani. Kidole chake kililijua lile bonde. Uso wake ukabadilika.

"Huu mlango wake," akasema. Akaenda kwenye taa. "Na hii taa yake." Akageuka, macho yamemtoka, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya mtu aliyekuta nyumba yake imevunjwa. "Mmelichinja! Mmelichinja mkapachika vitu vyake kwenye gari hili!"

"Baba—"

"Mwizi! Usinishike! Utingo, mshike huyu, mwizi huyu!"

Kaka akamdaka kabla hajaanguka. Mzee alilia wakimpandisha ngazi, kilio cha sauti nyembamba, na huku uani lori liliendelea kuunguruma vizuri, bila kosa hata moja, mpaka Choki akarudi kulizima.

Tangu hapo mzee hakula tena mkononi mwake. Sista alikuwa kundi moja na wezi. Akimletea mkate aligeuza uso ukutani. Utingo ndiye aliyeaminika, naye utingo alikuwa na kazi na nyumba yake, hakuweza kushinda pale, na hata yeye alifanikiwa kumnywesha mafunda machache tu. Mashavu yakaingia ndani. Shingo ikawa kama ya ndege. Choki alikaa nje ya mlango, kwenye ngazi, akisikiliza pumzi za mzee kama alivyosikiliza zile kabureta, na alichosikia hakikumpa moyo.

Akarudi kwa mkereza. Alimkuta anafagia vumbi la chuma.

"Nataka kuharibu," akamwambia.

Akamweleza yote. Mkereza akaacha fagio. "Mimi nilimwambia baba yako mwenyewe, alete, nusu siku tu nitakuwa nimeshamaliza. Unajua alinijibu nini? 'Likipona hili, mwanangu atakosa kazi.' Nikadhani ananitania." Akamtazama. "Wewe ulikuwa umekaa garini, unachezesha miguu."

Choki akatia mkono mfukoni. Zile shafti kuukuu zilikuwamo bado, zimechakaa upande mmoja, zimekuwa nyembamba pale zilipoliwa. Alikuwa amelitibu lori lile mpaka likawa halina haja na mtu wa kushika choki. Alijitoa humo kwa mikono yake mwenyewe, na kwa ustadi.

"Bushi nizing'oe?" mkereza akauliza.

"Hapana. Nitazila mwenyewe kwa tupa."

Fundi yeyote atakuambia kazi ngumu ni kutengeneza. Si kweli. Kazi ngumu ni kuharibu sawasawa. Choki alirudisha shafti za zamani kwenye bushi mpya, zikakwama, lori likakataa kuwaka kabisa. Akachukua tupa ndogo ya mviringo, akaanza kulamba ile shaba, upande ambao springi huvuta, kidogo, akafunga, akawasha. Likakohoa kama mbuzi, kho kho kho kho, mfululizo. Siyo. Akafungua. Akalamba tena, kabureta ya mbele zaidi ya ile ya nyuma, maana alikumbuka ya mbele ndiyo ilikuwa na hali mbaya. Kaka alimkuta anafanya hivyo, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, anayafuta kwa mkono wa ovaroli, na mkono wenyewe hautetemeki.

"Mdogo wangu, hujala."

"Na yeye hajala. Nyamaza nisikie."

Aliwasha. Kho.

Kimya kidogo, kama linafikiri.

Kho-kho.

Hata mwanamke aliyekuwa akipita nje ya uzio na ndoo akasimama. "Jamani, lori la kifua!" akasema. Kaka alikuwa ameshapanda ngazi, anafungua dirisha la mzee wazi kabisa.

Choki alibaki uani ameshika mlango wenye bonde. Lori likakohoa. Moshi wa bluu ukapanda hadi dirishani. Halafu kichwa cha kaka kikachomoza. "Kafungua macho! Njoo, njoo haraka!"

Akaliacha likikohoa, akapanda mbio.

Mzee alikuwa ameegemea mto, mifupa mitupu, lakini macho yake yalikuwa yake, yale ya zamani, ya mtu anayetazama barabara. Alimwona Choki mlangoni na hakumwogopa. "Sista," akasema, "umesikia? Limerudi."

"Nimesikia, baba."

"Nilikuambia langu nalijua." Akasikiliza, akakunja uso. "Mbona wameliacha linakohoa hivyo? Choki hajavuta?"

Ndilo hilo. Neno lilikuwa limetoka, kwa sauti ile ile. Choki alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono. "Baba, Choki ni mimi. Nitazame. Choki ni mimi hapa."

Mzee akamtazama. Alimtazama kwa muda, paji la uso, nywele zenye mvi mbili tatu, mikono yenye mistari myeusi. Kisha akacheka, kicheko cha upole, cha kumwonea mtu huruma.

"Wewe mtu mzima, sista," akasema. "Choki wangu miguu yake haifiki chini." Akampapasa kiganja kama kumtuliza. "Nenda kamwambie avute. Nusu tu. Asizidishe, atalilewesha."

Choki akamtazama kaka. Kaka akageukia ukuta.

Akashuka. Akapanda lori, akaketi upande wa abiria, kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na manyoya ya kuku. Akashika kitufe, akavuta nusu, akakishikilia, kwa sababu ukikiachia kinarudi chenyewe. Injini ikakohoa mara moja, ikatulia.

"Anasema hivyo hivyo!" Sauti ya kaka kutoka dirishani ilikuwa imepasuka. "Anasema mtoto ana mkono mzuri!"

Akashikilia. Kidole kilimuuma pale pale kilipokuwa kikimuuma zamani. Chuma cha boneti kikaanza kutoa joto.

"Anasema rudisha! Limepata moto!"

Akarudisha.

"Anasema zima. Amekubali mkate, mdogo wangu, ameushika mwenyewe! Ila..." Kaka akasita. "Anasema hali peke yake. Mtoto apande kwanza, waje wale pamoja."

Choki akazima. Uani kukawa kimya, isipokuwa chuma kilichokuwa kinapoa, tik, tik. Kutoka juu akamsikia baba, sauti dhaifu lakini safi, ya mtu mwenye furaha anayengoja mgeni wake: "Utingo, hebu chungulia. Mbona hapandi?"

Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitufe. Alitazama chini, kwenye buti zake za kazi. Zilikuwa zimekanyaga sakafu ya lori, zote mbili, bapa.